Kila Mtu na Katoni Yake

Kama kuna mtu Nakuru nzima aliyechukia kulipia kuletewa vitu, mtu huyo alikuwa mzee Wasike wa Kaptembwo. Bahili wa chakula hakuwa. Mgeni akifika kwake alikula mpaka akaomba kusamehewa. Lakini mwambie kwamba sabuni ni shilingi mia mbili na kuileta mlangoni ni mia mbili nyingine, atakutazama kama mtu aliyekufumania na mkono mfukoni mwake. Alikuwa ametumika katika karakana ya reli miaka thelathini na mmoja, na huko alijifunza kwamba mizigo husafiri pamoja, behewa moja, nauli moja. Hili la mfuko wa sukari kupandishwa pikipiki peke yake, kama waziri, yeye aliliita kununua upepo. Alilisema kanisani, alilisema kwa kinyozi, na wakati mwingine alilisema bila kuulizwa.

Basi ndiye aliyebuni mpango wa Ijumaa. Ploti yao ilikuwa na milango minne iliyotazamana, mfereji mmoja katikati na kamba moja ndefu ya kuanikia nguo. Mlango wa kwanza alikaa Anyango, mama wa makamo aliyefua na kupiga pasi katika nyumba moja ya Milimani. Huko aliona watu wakiagiza ndimu mbili kwa simu na kulipia pikipiki bila kuuliza bei, naye akaileta habari hiyo nyumbani. Wa pili alikaa Jepkorir, aliyeuza viazi na maziwa kutoka kwao Olenguruone. Wa tatu alikaa Kahiga, dereva mstaafu wa malori ya machimbo ya Kariandusi, mtu ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Wa nne ulikuwa wa Wasike na mkewe, Celestine.

Duka la mtandaoni walilolizoea lilikuwa na sharti moja: ukinunua vitu vya elfu tatu kwenda juu, unaletewa bure, ukiwa chini ya hapo, unalipa mia mbili. Nyumba moja haikufika elfu tatu kwa wiki hata ifanye sherehe. Nyumba nne zilifika. Kila Alhamisi jioni walimtajia Anyango mahitaji yao, Anyango akayaagiza kwa jina moja, na Ijumaa katoni kubwa ikaja bila nauli. Haba na haba hujaza kibaba, Wasike alipenda kusema, akiipokea katoni hiyo kana kwamba ni yeye aliyeizaa. Kahiga akampa jina la Mzee Free, na jina likamkaa.

Katoni ilifunguliwa nje, kwenye meza ya karibu na mfereji, mbele ya macho yote. Kila kitu kilitolewa, kikainuliwa juu, kikatajwa jina la mwenyewe. Sheria hiyo nayo ilikuwa ya Wasike. Aliitunga mwaka uliopita, baada ya mafuta ya kujipaka ya Jepkorir kuingia nyumbani kwa Kahiga kwa bahati mbaya na kutoka siku ya nne yakiwa nusu. "Kila kitu hadharani," alisema siku hiyo akigonga meza. "Hapa hakuna cha kufichwa." Wenzake walimpigia makofi, naye akaenda kulala ameridhika.

Mwezi wa tatu, Celestine alipatwa na kiharusi. Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama na mshonaji wa nusu ya kanisa, mwanamke ambaye hata kitambaa chake cha kichwa kilipigwa pasi, na ambaye pindo aliloshona yeye hulijui lilipoanzia wala lilipoishia. Hospitali ilimrudisha nyumbani baada ya siku kumi na mbili. Mdomo ulinyooka na maneno yakarudi. Mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, na haja ndogo ikawa haimwombi tena ruhusa. Mguu aliuvumilia. Hili la pili lilimvunja moyo. Asubuhi ya kwanza alipoamka kitanda kimelowa, aligeukia ukutani akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Baba Mercyline," akasema hatimaye, "watu wa hii ploti wakijua, mimi sitoki nje tena. Heri nizikwe. Niahidi."

"Nimeahidi," akasema Wasike.

Alipoahidi, aliahidi. Hata Mercyline, binti yao aliyeolewa Naivasha, hakuambiwa. Mlango wa nne ukawa unashinda umefungwa, na wageni wakaambiwa Mama amelala. Wasike akajifunza kufua mashuka kabla watu hawajaamka na kuyaanika mwisho kabisa wa kamba. Nepi za watu wazima alizinunua supamaketi, mjini, akazibeba ndani ya gunia la makaa. Mara ya tatu, akiwa kwenye foleni ya kulipa, aliwaona waimbaji wawili wa kwaya wakija nyuma yake na mikate. Akaisukuma paketi kwenye rafu ya biskuti, akatoka mikono mitupu. Siku mbili zilizofuata walitumia vitambaa. Celestine hakulalamika, ila chakula alikigusa tu, na Wasike alijiona mwanamume asiyefaa kitu.

Nepi zilikuwepo kwenye lile duka la mtandaoni, tena kwa bei nafuu. Paketi yenyewe ilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia, na picha ya bibi Mzungu anayetabasamu kana kwamba ameshinda uchaguzi. Wasike alijaribu kumfikiria Anyango akimwinua bibi yule mbele ya mfereji na kuuliza, "Huyu ni wa nani?" Hapana. Lakini mtu akiagiza peke yake, kitu chake huja ndani ya katoni iliyozibwa, haina picha wala jina la kilichomo. Ilihitaji tu mia mbili. Alikaa na simu mkononi tangu saa nne mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini. Kisha akaagiza, akalipia upepo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Aliandika kwa makini kwamba mwenye pikipiki asiingie ndani, ampigie simu wakutane kwenye posho mill, kinu cha unga kilichokuwa nje ya ploti. Hakuna anayesoma mambo kama hayo. Jumanne saa sita mchana, Kiplimo wa pikipiki aliingia na chombo chake mpaka kwenye mfereji, akazima injini.

"Delivery ya Wasike," akaita.

Jepkorir alikuwa anasugua mitungi ya maziwa. Kahiga alikuwa ameketi kwenye kigoda akijinyoa, povu kwenye shavu moja. Wasike alitoka mbio kuliko magoti yake yalivyopenda.

"Hapa, boss. Nilisema posho mill."

"Sijaona, mzee. Ni elfu moja mia nane, na delivery mia mbili. Unatuma kwa simu?"

Kahiga aliteremsha wembe.

"Ati na delivery?"

"Umesikia," akasema Wasike.

"Mzee Free amelipa delivery," Kahiga akamwambia Jepkorir, kana kwamba Jepkorir alikuwa Kisumu. "Na Yesu bado hajarudi."

"Ni nini hiyo, Baba Mercyline?" akauliza Jepkorir, kwa wema tu.

Mtu mwongo hubeba uongo wa akiba. Wasike hakuwa nao, akaokota wa kwanza aliouona. "Ni spea," akasema. "Spea ya cherehani ya Mama."

Uso wa Jepkorir ukang'aa. "Kwani ameanza kushona? Mungu ni mwema sana."

Wasike akaitikia kwamba Mungu ni mwema, akaingia na katoni yake, akafunga mlango. Celestine alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. Hakumlaumu. Alimwomba tu azipange nepi chini ya kitanda, upande wa ukuta, na aikatekate katoni.

Uongo hauzai mmoja. Kesho yake Jepkorir alibisha akiwa na gauni jipya la kitenge mkononi, refu kuliko yeye. Alitaka pindo tu, alisema, na hakuwa na haraka, ila Jumapili kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa dada yake. Wasike alisimama mlangoni ameujaza wote kwa mwili wake. Angesema cherehani imekataa. Angesema Mama amechoka. Lakini Jepkorir alikuwa na furaha ya kweli, ya kumfurahia mgonjwa, na Wasike hakuweza kuizima. Akalipokea gauni.

Cherehani ya Celestine ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ndio ule ulioburuta. Kwa hiyo mzee akachukua sindano. Ushonaji pekee alioujua ni wa maturubai ya kufunikia mabehewa, nao una kanuni moja: uzi usikatike. Alishona Alhamisi, akamalizia Ijumaa asubuhi, ulimi nje. Celestine alimtazama mara moja kutoka kitandani, akajifunika shuka usoni.

Ijumaa hiyo ilikuwa na aibu yake. Pesa za nyumba zilikuwa zimekwenda kwenye nepi, hivyo Wasike aliagiza mche mmoja wa sabuni na basi. Jumla ya nyumba nne haikufika elfu tatu. Kwa mara ya kwanza tangu mpango uanze, katoni ya pamoja ilikuja na nauli, na kila mlango ukachanga hamsini.

"Tumelipishwa na spea," akasema Kahiga.

Alikuwa anatania tu, na Anyango alimkata jicho, lakini Wasike aliichukua sabuni yake akaingia ndani. Yeye ndiye aliyewafundisha watu hawa kwamba mmoja akijitoa wote wanaumia. Sasa amejitoa, na hawezi kueleza kwa nini. Alipompelekea Jepkorir gauni lake jioni, alimpa likiwa limekunjwa, akitumaini hatalikunjua mbele yake. Jepkorir akalikunjua. Akapitisha kidole juu ya pindo, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akainua macho akamtazama Wasike, akatazama mlango wa nne uliofungwa, akatazama mwisho wa kamba ambako mashuka mawili yalikuwa yananing'inia, kama yalivyoning'inia jana na juzi.

"Ni nzuri," akasema. "Mwambie Mama asante. Pesa ngapi?"

"Bure," akasema Wasike.

Jepkorir hakubishana. Jumapili akalivaa gauni lile kanisani, mbele ya akina mama wote walioujua mkono wa Celestine, na Wasike alipoliona kutoka kiti cha nyuma alitamani benchi limfunike.

Wiki ikapita. Chini ya kitanda zikabaki nepi nne. Wasike alijua lazima alipie tena mia mbili, na alijua Kahiga atasema nini. Mara moja mtu huita spea. Mara mbili watamwita tajiri, na mara tatu wataanza kuulizana. Alhamisi jioni alikuwa bado anatafuta uongo wa pili Anyango alipokuja mlangoni. Hakuwa na karatasi yake ya kuandikia.

"Baba Mercyline, kesho hakuna order ya pamoja," akasema. "Tumeongea. Kila mtu ajiagizie zake."

"Mmeongea lini?"

"Tumeongea tu."

"Bila mimi."

"Bila wewe," akasema Anyango, kwa upole, akaenda zake.

Wasike alirudi kuketi. Iliuma. Iliuma kuliko alivyodhani jambo la sukari na sabuni linaweza kuuma. Mpango wa Ijumaa ulikuwa kitu pekee alichokijenga tangu astaafu, na sasa wameuvunja, na hawakumwita hata ajitetee. Akamwambia Celestine kwamba wenzake wamemtoa. Celestine akasema, "Ni kwa sababu yangu," na hakuna kati yao aliyekula vizuri. Wasike akaagiza nepi peke yake, akalipia peke yake, na safari hii hakuandika chochote kuhusu posho mill.

Ijumaa alijiweka kwenye kigoda mlangoni mapema, ili pikipiki ikija ampokee Kiplimo haraka na amalize. Akashangaa kuona wote wapo. Anyango hakuwa ameenda Milimani. Jepkorir alikuwa ameacha viazi vyake kwa jirani wa sokoni. Kahiga alikuwa kwenye kigoda chake, amenyamaza, na Kahiga akinyamaza mtu huogopa. Wasike aliona ni baraza. Akajiandaa kuhukumiwa.

Saa tano Kiplimo akaingia, pikipiki imesheheni.

"Anyango," akaita. "Mia na ishirini, na delivery mia mbili."

Anyango akalipa kwa simu, akachukua katoni iliyozibwa.

"Jepkorir. Mia moja, delivery mia mbili." Jepkorir akalipa, akachukua yake.

"Kahiga. Themanini. Delivery mia mbili."

Kahiga alisimama, akaipokea katoni ya kitu cha shilingi themanini kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino, lakini akalipa.

"Wasike. Elfu moja mia nane, delivery mia mbili." Kiplimo akawatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine. "Wazee, na heshima, lakini mko ploti moja. Si mngeweka pamoja ikuwe free? Mmelipa mia nane ya bure. Hata huko Milimani sijaona hii."

"Pesa ni zetu, kijana wangu," akasema Anyango. "Sisi leo tumetaka kila mtu na katoni yake."

Hakuna aliyeitazama katoni ya Wasike. Jepkorir alitazama mitungi yake. Kahiga alitazama juu, kama kuna ndege. Kisha kila mmoja akaingia kwake na katoni yake ikiwa imezibwa vilevile, milango mitatu ikafungwa, na ploti ikabaki na Wasike, na mfereji, na mlio wa pikipiki ukienda mbali.

Alisimama pale akiwa ameikumbatia katoni mpaka akaelewa. Mtu halipi mia mbili kwa ajili ya kitu cha themanini. Walikuwa wamelipia katoni tatu zilizozibwa, ili ya nne isiwe peke yake. Walijua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya mlango wa nne ilikuwa imeanikwa kwenye kamba kila asubuhi tangu mwezi wa tatu, na yeye alidhani amewahi kuamka kuliko wote. Machozi yalimjia, akayaacha yaje.

Ndani, Celestine alikuwa ameketi wima kitandani.

"Nimesikia majina manne," akasema. "Hawa watu wamepata wapi pesa?"

Wasike alitua katoni, akamweleza yote, na hakuongeza wala kupunguza. Uso wa Celestine ukakakamaa.

"Umewaambia."

"Sijamwambia mtu."

"Basi wamejuaje?"

"Mashuka," akasema Wasike. "Na lile pindo."

Celestine aliangalia mikono yake.

"Jepkorir alilivaa?" akauliza.

"Jumapili. Kwa ubatizo."

"Na pindo lile? Mbele ya kwaya?"

"Na pindo lile."

Celestine akajifunika uso kwa shuka. Mabega yakaanza kutikisika, na Wasike akasogea, akidhani analia. Alikuwa analia. Alikuwa pia anacheka, na vyote viwili vilitoka kwa pamoja kwa muda ambao chai ingechemka. Alipoliondoa shuka usoni, akajifuta, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa kwa mkono wa kulia.

"Mia mbili mara nne," akasema. "Mia nane za upepo."

"Ndiyo."

"Na wewe ukawaacha walipe."

"Sikujua, Mama."

"Waambie wiki ijayo ni katoni moja. Hatuwezi kula watu hivyo."

"Na hizi zako?"

Celestine alitazama chini ya kitanda, upande wa ukuta.

"Fungua mlango," akasema. "Hewa ya humu imezeeka."

Ijumaa iliyofuata, kabla pikipiki haijaja, Wasike alitoa kiti chenye mto akakiweka kando ya meza ya karibu na mfereji. Kisha akamtoa mkewe, hatua kwa hatua, mguu mmoja ukichora mstari kwenye vumbi. Majirani walimsalimia kana kwamba walimwona jana. Jepkorir akamwekea kikombe cha chai ya maziwa mengi. Alikuwa pia amelibeba lile gauni, na Celestine akaliweka mapajani, akatoa mkasi mdogo, akaanza kuufumua uzi wa turubai.

Katoni ikaja, moja, kubwa, bila nauli. Anyango akaukata utepe kwa kisu. Akatoa sabuni na kutaja mwenyewe, akatoa mafuta ya kupikia na kutaja mwenyewe. Akatia mkono tena, ukakutana na paketi yenye ukubwa wa mto, na mkono ukasita humo ndani. Wasike aliitazama meza aliyoigonga mwaka uliopita.

Celestine hakuinua macho kutoka kwenye pindo.

"Hiyo ni yangu," akasema, kwa ile sauti ya kwaya, na ploti nzima ikasikia. "Lete hapa."

Anyango akampa, kisha akatoa sukari ya Kahiga.